Mafuta ya Kondoo Chini ya Taa ya Buluu

Watu wakiniuliza kazi yangu ya kwanza ya maana mjini Nairobi ilikuwa ipi, huwaambia nilikuwa nikipaka makohozi kwenye vioo. Wengine hucheka, wengine husogeza kiti nyuma kidogo. Siwalaumu. Hawajui tu nilichokuwa nikikiona baada ya kupaka.

Maabara yetu ilikuwa ghorofani, katika jengo la mawe karibu na soko kubwa, na asubuhi harufu ya maua na ya samaki ilipanda ngazi pamoja nasi. Ndani kulikuwa na chumba kidogo chenye pazia jeusi zito. Humo ndimo ilimokaa hadubini, na nyuma yake taa ya zebaki iliyonguruma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Mwanga wake ulipitishwa kwenye kioo cha buluu iliyokoza, kisha ukaelekezwa upande-upande kwenye kile nilichokipaka, ili usimpige mtazamaji machoni moja kwa moja. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kukitia rangi ya manjano ambayo wadudu wa kifua kikuu huinywa na kukataa kuiachia hata ukiwaosha kwa asidi. Basi mgonjwa ambaye hakuwa na wadudu, uliona giza. Aliyekuwa nao, uliona vijiti vidogo vya manjano vikiwaka ndani ya giza lile kama vimulimuli kwenye shamba la mahindi kwetu Magharibi.

Siku ya kwanza niliporuhusiwa kuchungulia nilisema kwa sauti, "Lo! Maridadi!"

Fundi mkuu akanigonga begani. "Maridadi, ndiyo. Lakini hii maridadi iko naua watu."

Huyo fundi mkuu alikuwa Singasinga mwenye ndevu za kijivu alizozifunga kwa wavu, na sote tulimwita Sardarji kwa heshima, kama watu wake walivyomwita. Naye siku nilizofanya vizuri aliniita *puttar*, yaani mwanangu kwa Kipunjabi. Siku nilizovunja kitu aliniita bwana.

Shule niliiacha darasa la sita, baba alipofariki. Niliingia maabara kuosha chupa, na kwa kuwa mikono yangu haikutetemeka nikafundishwa kupaka. Kohozi lazima lipakwe jembamba mpaka ukiweka kioo juu ya gazeti uweze kusoma maandishi. Nilipenda sana sehemu ile ya gazeti. Mara nyingi Sardarji alinikuta nimesahau kioo, nasoma habari. Nilikuwa mtu wa kuota mchana, sitakataa. Niliota siku moja nitafunga hadubini nyuma ya baisikeli, nizunguke vijiji vya kwetu kama wapiga picha wanavyozunguka, watu wajipange mstari niwaambie, "Mama, wewe uko salama, nenda kalime."

Baisikeli nilikuwa nayo tayari, ya kazi. Kila wiki, siku ya makohozi, nilipanda barabara ya Ngong mpaka kwenye wodi za kifua, nikapokea vikopo vya wagonjwa katika sanduku la mbao, nikateremka nalo mjini. Siku hizo bado askari walikuwa wakisimamisha watu njiani kudai hati za utambulisho.

"Kipande iko wapi? Na hiyo sanduku iko na nini?"

"Makohozi ya kifua kikuu, afande. Nifungue?"

"Pita! Pita haraka!" Hakuuliza kipande tena, wiki hiyo wala zilizofuata.

Mmoja wa wagonjwa wale alikuwa dada yangu.

Dada ndiye aliyenileta Nairobi. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Wazungu kando ya barabara ileile ya Ngong, karibu na yalipojengwa maduka ya Adams Arcade, na sote tuliishi katika vyumba vya watumishi nyuma ya ua. Dada alipoanza kukohoa damu alichukuliwa wodini, akaacha mtoto wa kike aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kusimama. Mchana yaya wa jirani alimwangalia, jioni nilimwangalia mimi, na mtoto akakua akijua kutembea, akijua kusema "maji" na "hapana," ila alikuwa anamwita mama kila mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani. Alimwita mama muuza mboga. Alimwita mama hata mwanamke aliyekuja kumfukuza mbwa wetu.

Halafu mwajiri wa shemeji akatangaza kwamba mwisho wa mwaka anarudi kwao Ulaya. Shemeji angelazimika kutafuta nyumba nyingine ya kupikia, na hakuna aliyetaka mpishi anayekuja na mtoto asiye na mama wa kumshika.

"Kama dada yako hatatoka kabla ya hapo," shemeji aliniambia huku akimenya viazi, bila kuniangalia, "nampandisha mtoto gari la moshi aende kwa nyanya yake. Nitafanya nini? Nimbebe mgongoni nikikaanga samaki?"

"Atarudi lini?"

"Akikua. Na akirudi atamjua mama yake kwa kuonyeshwa kidole."

Sharti la daktari lilikuwa wazi. Daktari wetu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni alichokitamka taratibu kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mgonjwa akitoa vioo vitatu visafi vilivyofuatana, anaenda nyumbani. Dada alikuwa amekwisha kutoa viwili. Kilibaki kimoja tu! Nilianza kumfundisha mtoto kupunga mkono.

Wiki hiyohiyo likafika jicho la umeme.

Lilikuwa kikopo cheusi kilichofungwa juu ya hadubini, pale mtu anapoweka jicho lake, na waya wake ukaenda mpaka kwenye kisanduku chenye mshale. Mwanga ukiwa mwingi mshale unapanda, ukiwa mdogo unalala. Daktari alilifurahia sana. Macho ya watu huchoka, alisema. Sardarji akihesabu asubuhi na akihesabu baada ya chakula, hapati jibu moja. Mshale hauchoki wala hauli. Alichora alama nyekundu: mshale ukiivuka, kioo hicho kitazamwe tena kwa jicho la mtu, polepole.

Vioo vya wodi ya wanaume vilienda vizuri. Waliokuwa safi mshale ulilala chini, waliokuwa wagonjwa ulipanda. Tukafika kwenye wodi ya wanawake na mshale ukapanda kwa wa kwanza, ukapanda kwa wa pili, ukapanda kwa wote kana kwamba wodi nzima imeshika moto. Dada yangu naye. Vioo vilikuwa na namba tu, lakini namba yake niliijua kama ninavyojua sauti yake.

Sardarji akatoa kikopo cheusi, akaweka jicho lake mwenyewe.

"Wadudu wengi?" nikauliza.

"Mimi haiko naona mdudu. Mimi naona ukungu."

Akanipisha. Kweli, halikuwa giza na havikuwa vimulimuli. Kulikuwa na weupe wenye buluu ndani yake, umetanda kote, kama asubuhi ya Julai kule Dagoretti unapoona taa za lori zinakuja lakini lori lenyewe hulioni.

Daktari alitazama pia. Alipotoka nyuma ya pazia alikuwa anasugua paji la uso. "Siwezi kusema mtu huyu ni safi," alisema, "kwa sababu sioni. Nikisema ni safi, naye si safi, atakwenda nyumbani na kumbusu mtoto wake."

Nilitaka kubishana. Lakini mtoto aliyekuwa anamsema bila kumjua nilikuwa nimemvika gauni asubuhi ile kwa mikono yangu.

Nilienda kumwambia dada mimi mwenyewe, maana sikutaka asikie kwa sista wa wodi. Wagonjwa walilala kwenye baraza ndefu iliyo wazi, wapate upepo, na sisi wageni tulisimama nje ya wavu. Kitanda cha jirani kilikuwa cha mama mmoja mnene wa kutoka Mutuini, mcheshi kupita kiasi, aliyeitwa Mama Mutuini na kila mtu, mpaka madaktari. Mumewe alimletea vitu kila Jumapili kwa baisikeli.

"Huyu ndiye yule kijana anatupima mate?" akasema aliponiona. "Hata ndevu hana! Leta mkubwa wako, sisi ni watu wazima."

"Mama, mwache," dada akasema. Kisha akanitazama usoni. "Ni nini? Nimepatikana nao?"

"Hapana. Hawakuonekana. Lakini kuna ukungu, dada. Mshale unapanda."

"Mshale gani? Mimi ndiye ninayekohoa au mshale?"

"Wanangoja wiki ijayo."

Hakulia. Alivuta blanketi, akaanza kuchomoa nyuzi zake moja moja. "Ameanza kusema nini sasa?" akauliza.

"Nani?"

"Mtoto, wewe."

Nikamwambia anasema maji na hapana. Sikumwambia neno la tatu.

Wiki iliyofuata, ukungu. Na iliyofuata hiyo, ukungu. Daktari alimwambia Sardarji waziwazi kwamba hauamini mshale ule lakini hawezi pia kuupuuza, na kwamba yeyote atakayemweleza ukungu ule unatoka wapi atamshukuru. Tulibadilisha rangi. Tuliosha vioo kwa spiriti. Nilipaka jembamba mpaka gazeti likasomeka kama halina kitu juu yake. Wanaume wakabaki wazi, wanawake wakabaki na ukungu.

Saa ya chai siku moja, kwenye roshani maana ndani ya maabara ilikuwa mwiko kula, Sardarji alijaza maji katika gilasi, akazima kelele zangu kwa kidole, akamulika tochi ubavuni mwa gilasi. Tulikuwa kwenye kivuli cha ngazi. Katika maji hakukuonekana kitu. Mwanga ulipita tu, ukatokea ukutani upande wa pili.

Akatia tone moja la maziwa, akakoroga. Gilasi nzima ikawaka.

"Sasa sema. Maziwa iko na taa ndani?"

"Hapana, Sardarji."

"Basi nani nawasha?"

"Tochi."

"Shabash! Ndani ya maziwa iko mafuta kidogo-kidogo, ndogo sana. Taa nagonga hii, narushwa huku. Nagonga ile, narushwa kule. Nyingine narushwa kwa jicho yako." Akaweka kijiti cha kiberiti nyuma ya gilasi. "Naona hii?"

Nilikiona kama kivuli tu, hakina ncha wala kichwa.

"Ndiyo matata yake. Naongeza taa ya uwongo, na tena naficha kitu ya kweli."

Nilielewa pale pale, na niliona raha ya ajabu, ile raha ya mtu aliyefunguliwa dirisha. Mwanga wetu wa buluu ulipaswa kupita pembeni bila kuingia juu kwenye hadubini. Mdudu peke yake ndiye aliyepaswa kuugeuza kuwa manjano na kuupeleka juu. Lakini kama kwenye kioo kuna vitone vidogo vya kitu kingine, mwanga unavigonga, unatawanyika, na buluu ileile ya taa inapanda juu pamoja na manjano. Kile kioo cha manjano kilichowekwa juu kuizuia buluu kinashindwa kuimaliza yote. Jicho la mtu linaona ni ukungu. Jicho la umeme linapima wingi tu, halina akili ya kuuliza mwanga umetoka kwa nani.

"Kwa hivyo wanawake wana mafuta kwenye makohozi?" nikasema.

"Mimi nauliza daktari, daktari nauliza sista. Sista nasema maziwa wanapewa baadaye, hapana mbele." Akamwaga gilasi. "Wanawake iko na siri, puttar. Mimi nimeoa miaka mingi, mimi najua."

Nilipata wazo nikiwa nimelala, nalo halikuhusu ukungu hata kidogo. Niliwaza tu kwamba dada hajamwona mtoto kwa muda mrefu, na kwamba siku ya makohozi nikiondoka mapema kabla shemeji hajawasha jiko, naweza kumpeleka mtoto mpaka kwenye wavu na kumrudisha bila mtu kujua. Nikamfunga kwa shuka nyuma ya baisikeli. Njia nzima aliimba wimbo wenye maneno mawili, maji na hapana.

Tulifika jua likiwa bado halijapasha bati. Sista alikuwa upande wa pili akibadilisha zamu. Mama Mutuini ndiye aliyetuona kwanza. Akaja mbio kwenye wavu akiwa amefunga kitambaa chake chekundu, akachuchumaa.

"Mama!" mtoto akamwambia, akanyoosha mikono yote miwili.

Dada alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikia.

Mama Mutuini, ambaye sikuwahi kumwona akikosa la kusema, alirudi nyuma taratibu kama mtu aliyekanyaga kitanda cha mwenzake. Dada akasogea, akapitisha vidole viwili kwenye tundu la wavu. Mtoto alivitazama, akajificha shingoni mwangu.

"Amenenepa," dada akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, na mkono ule ukang'aa.

Nikatazama mdomo wake. Nao uling'aa. Nikatazama midomo ya wanawake wote waliokuja kumwona mtoto. Wote waling'aa kama watu waliotoka arusini.

"Mnakula nini asubuhi hii?"

"Hatujala," dada akasema. "Tumelamba tu mafuta."

"Mafuta gani?"

Wakatazamana. Mama Mutuini akaangalia kama sista yuko karibu, kisha akafunua mfuko wake wa kufumia sweta. Ndani mlikuwa na mkebe, na ndani ya mkebe kulikuwa na kijiko kimesimama wima chenyewe.

"Ya mkia wa kondoo," akasema kwa fahari. "Bwanangu analeta, ni wiki kama nne sasa. Siku yenu hii kila mtu kwa baraza hii analamba kijiko moja, kifua inalainika, kikohozi inakuja mingi bila kukwaruza. Unafikiri ni rahisi kukohoa kwa kikopo ukiambiwa kohoa? Nyinyi mnaenda mbali na baisikeli, tukasema msirudi na kidogo-kidogo kama tumewanyima."

Nilicheka. Nilicheka mpaka mtoto naye akaanza kucheka bila kujua sababu, na machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

"Unacheka mafuta yangu?"

"Hapana, mama. Si mafuta." Nikawaeleza ukungu wa Julai na taa za lori. Nikawaeleza kwamba kijiko kile kinashuka kooni, kinachanganyika na kohozi, na kule mjini taa yetu inagonga mafuta inadhani ni ugonjwa.

Mama Mutuini alifunika mkebe. "Kwa hivyo ni mimi nimemfungia huyu hapa," akasema. "Na mtoto yake nje."

"Nani amesema hivyo?" Dada alimshika bega. "Wewe ulinionea huruma tu. Usiku nilikuwa nakohoa mpaka mbavu zinauma, nani aliamka? Usianze."

"Basi na huyu kijana ataenda kunisema kwa sista."

"Sitakusema," nikamwambia. "Lakini nipe kidogo niende nayo. Kwenye kikopo safi."

Akanichotea bila ubahili. "Mpelekee huyo Singasinga wako. Mwambie ni ya kupima, asimalize na chapati."

Nilimrudisha mtoto nyumbani, nikapanda tena wodini kuchukua sanduku la vikopo, nikateremka mjini nikikanyaga pedali kama mtu aliyeiba. Sardarji hakuniuliza kwa nini nimechelewa, alipoona uso wangu. Tulichukua mafuta kidogo, tukayapaka kwenye kioo peke yake, hamna kohozi la mtu yeyote, tukayatia rangi, tukayaosha kwa asidi kama tulivyofanya kwa mengine. Mengi yaliondoka. Yaliyobaki ni utando uliotosha kuacha alama ya kidole. Akakiweka kioo chini ya jicho la umeme.

Mshale ulipaa ukagonga mwisho wa kisanduku, *tik*.

"Wah!" Sardarji akaita. "Daktari! Njoo! Kondoo iko mgonjwa sana!"

Daktari alikuja, akaelezwa, akachungulia. Tulingoja. Nyuma ya pazia tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeizoea: alikuwa anacheka. Akasema yeye mwenyewe alikuwa ameshuku sabuni ya wodi, na kwamba asingefika kwa kondoo hata kwa miaka. Nikauhofia mkebe wa Mama Mutuini.

"Daktari, mafuta yenyewe watanyang'anywa?"

Alifikiri. "Kwa nini? Wayalambe wakimaliza kutoa. Kabla ya hapo wasukutue kwa maji." Akaandika hivyo kwa sista, na tangu siku ile mkebe ulitoka kwenye mfuko wa sweta ukakaa juu ya kabati hadharani, na Mama Mutuini akatembea kama aliyepewa cheo.

Siku ya makohozi iliyofuata, vikopo vilikuja na kidogo-kidogo, kwa kweli. Nilipofika kwenye namba ya dada, kijiti cha kupakia kikasimama mkononi. Katika kikopo kulikuwa na sehemu nzito yenye rangi na sehemu ya mate matupu, maji tu. Fundi huchukua ile nzito, maana wadudu hukaa humo. Ningeweza kuchukua maji. Mshale ungelala usingizi mzito, dada angekuwa nyumbani Jumamosi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nikamwona mtoto akijificha shingoni mwangu. Halafu nikakumbuka yale maneno ya daktari kuhusu kubusu.

"Sardarji," nikasema, "hiki nipakie wewe."

Alitazama namba, akanitazama. Alichukua ile nzito kabisa, akaipaka kwa mkono wake mkubwa, nyembamba mno, akakipitisha kioo juu ya gazeti mara mbili.

Mshale ulitikisika, ukapanda kidogo, nikashika meza. Ukarudi ukalala chini ya alama. Sardarji akatoa kikopo cheusi akaweka jicho. Alisogeza kioo mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia. Mara akasimama.

"Hapa iko kitu. Nawaka."

Akakaza skrubu, akaisogeza huku na kule. "Ngoja. Ndefu sana. Hii haiko mdudu." Akacheka puani. "Uzi. Uzi ya blanketi."

Aliendelea mpaka mwisho wa kioo, kisha daktari akakipitia upya chote tangu mwanzo, naye hakuharakisha hata kidogo. Alipoinuka akaniambia, "Cha tatu. Njoo utazame." Nikatazama. Giza. Giza lililotulia, jeusi kila pembe, na katika maisha yangu sijaona kitu kilichonifurahisha kama kile ambacho hakikuwamo humo.

Vioo vingine vya wodi ile vilifuata, na ukungu ulikuwa umekwisha. Wengi walikuwa safi. Kisha kikaja kimoja ambacho mshale ulipanda wastani tu, na Sardarji alipochungulia akanipisha. Vimulimuli. Si vingi, lakini vilikuwa vya kweli, vyembamba, vyenye ncha. Nilijua namba ile pia. Ilikuwa ya kitanda cha jirani wa dada.

Wiki zote zile ukungu wa mafuta yake ulikuwa umemficha. Daktari alimwongezea sindano tangu siku ileile.

Nilisita kwenda kumwona, lakini Jumamosi nilipofika kumchukua dada alikuwa ameketi kitandani, anafuma. "Njoo hapa, mpima mate," akaniita. "Mbona unatembea kama paka? Nimeambiwa. Wako ndani, kidogo."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Mngenitoa na hao watu ndani, niende nipakate wajukuu? Afadhali nimeonekana." Akavuta uzi. "Sindano ndiyo mbaya. Huyo sista anadunga kama anashona gunia." Kisha akamgeukia dada, aliyekuwa anakunja nguo zake na kuzikunjua, mikono haitulii. "Nenda sasa, nenda, utafanya nilie na mimi sitaki kukohoa. Na ukifika usimkimbilie huyo mtoto. Watoto ni kama kuku, ukikimbia wanakimbia."

Dada hakukimbia. Tulitembea pamoja kuteremka barabara ya Ngong, mimi nikisukuma baisikeli yenye mzigo wake, yeye akisimama kila mara kutazama vitu: ua la mtu, basi, maduka mapya ya Adams Arcade na vioo vyake vikubwa. Shemeji alikuwa amevaa aproni yake safi, amesimama mlangoni kama anayepokea wageni wa bwana. Alimshika mke wake mkono, akautikisa, akausahau mkononi mwake.

Mtoto alikuwa nyuma ya miguu yake.

"Sema mama," shemeji akamwambia.

"Hapana," mtoto akasema.

"Sema! Huyu ndiye mama kweli."

"Hapana!"

Nilitaka ardhi inimeze. Dada akaketi kwenye ngazi, akavuta ungo wa kunde uliokuwa pale, akaanza kuchambua majani, mabichi huku, makavu kule, kana kwamba hakuwa ameondoka isipokuwa kwenda dukani. Sisi wanaume tulisimama kama miti. Baada ya muda mtoto alitoka nyuma ya shemeji, akamzunguka dada kwa mbali, akamzunguka tena kwa karibu. Akaokota jani moja lililoanguka, akalitazama pande zote mbili, akamletea.

"Wewe," akasema. "Shika."

"Haya, nimeshika," dada akasema, akalipokea.

Shemeji akafungua mdomo kumrekebisha, na dada akamnyamazisha kwa mkono uleule ulioshika jani.

"Mwache aniite wewe," akasema. "Siendi popote."

Mtoto alikuwa amekwisha kuinama kutafuta jani jingine.